Sura ya Sita: Askari Anayelala Kijijini

Waya ule ulikuwa mpya. Kutu ilikuwa haijaushika, na fundo lake lilifungwa na mtu mwenye subira: mizunguko mitatu iliyobanana, ncha ikakunjwa kwa ndani. Ulitegwa katikati ya vichaka viwili, kimo cha goti langu, na kila upande mtegaji alikuwa amelaza matawi ya miiba ili swala akose njia nyingine. Majani ya matawi hayo yalikuwa yamenyauka lakini hayajakauka. Yalikatwa jana yake jioni, au juzi kwa mbali sana.

Mwenzangu aliuchomoa, akaukunja, akautia mfukoni pamoja na nyingine nne tulizoziokota tangu alfajiri. Mimi nilibaki nimechutama, macho yakiwa kwenye fundo. Nililijua. Nilikuwa nimeliona kwenye zizi la mbuzi la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, yule aliyenifundisha kufunga mzigo kwenye baiskeli nilipokuwa mtoto.

Siku ile nilikuwa na miezi saba katika kazi ya askari wa wanyamapori wa kijiji. Nilishafundishwa kusoma nyayo, kutumia redio, kuandika taarifa ya doria na kumkabili mtu mwenye panga bila kumwaga damu. La kufanya pale nyayo zinapoelekea nyumbani kwetu sikuwa nimefundishwa.

Watu wengi wakisikia askari wa wanyamapori huwaza mtu aliyevaa sare ya kijani, bunduki begani, anayeishi kambini ndani ya hifadhi ya taifa, mbali na kwao. Huyo ni askari wa serikali, na kazi yake ni nzito na ya hatari. Askari wa kijiji ni mwingine. Amezaliwa pale pale anapolinda, amependekezwa na kijiji chake, na doria ikiisha anarudi kulala kijijini. Anachota maji kisima kimoja na mtu aliyemzuia asikate mti. Harusini wanakaa mkeka mmoja, na msibani wanabeba jeneza moja. Nimeifanya kazi hii miaka minane, na sasa nawafundisha vijana wanaoianza. Jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba huko kulala kijijini ndiko kunakoifanya kazi yetu iwe ngumu, na ndiko kunakoifanya iwezekane.

Nchi isiyo na ukuta

Kijiji chetu kipo katika ukanda wa Kwakuchinja, kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na Ziwa Manyara. Barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Babati inaupasua ukanda huu. Abiria wa basi huona mashamba ya mahindi, maduka ya bati, ng'ombe wakivushwa barabara, na kwa mbali mibuyu. Pengine haoni kwamba anapita juu ya njia ya wanyama iliyo kongwe kuliko kijiji chochote kilichopo hapo.

Tarangire ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, nayo ina kilomita za mraba 2,850. Ukiiangalia kwenye ramani utadhani imetosha. Wanyama hawaoni hivyo. Kiangazi huwabana kwenye Mto Tarangire, kwa sababu ndio maji yasiyokauka upesi. Mvua zikianza hutawanyika: wengine huelekea magharibi kwenye Ziwa Manyara, wengine kaskazini hadi nyika za Engaruka na Natron, wengine mashariki kwenye mbuga za Simanjiro. Nyumbu jike anayenyonyesha anazihitaji nyasi fupi za Simanjiro kwa kuwa zina fosforasi nyingi kuliko nyasi za mtoni. Akizikosa, maziwa hupungua na ndama hudhoofu. Kwa hiyo hifadhi yenyewe ni makazi ya kiangazi tu, na miezi ya mvua wanyama hao ni wageni wa vijiji.

Mgeni asipopewa njia, hapiti. Mwaka 1988 nyumbu wa mfumo huu wa Tarangire na Manyara walikadiriwa kuwa zaidi ya 40,000. Kufikia mwaka 2001 walikadiriwa kuwa karibu 5,000. Ujangili ulichangia, lakini zaidi ni kwamba njia zao ziliziba mojamoja, hapa shamba, pale nyumba, kule uzio. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kuwamaliza nyumbu. Kila familia ilikata kipande chake kwa ajili ya watoto wake, na vipande vikajumlika.

Ardhi wanayopita haina ukuta wala lango, lakini ina wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua kuwa ardhi ya kijiji. Halmashauri ya kijiji inaisimamia kwa niaba ya wanakijiji, na maamuzi makubwa hufika kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mtu mzima ana haki ya kusema. Sehemu yake ni mashamba ya watu binafsi. Sehemu nyingine ni ya wote: malisho, msitu wa kuni, bonde la maji, njia za mifugo. Wafugaji wa Kimaasai walikuwa na utaratibu huo kabla ya sheria yoyote ya maandishi. Eneo la alalili hutengwa msimu mzima ili ndama na wanyama dhaifu wapate nyasi kiangazi kikikaza. Mtu anayeingiza ng'ombe alalili kabla ya wakati huitwa mbele ya wazee. Mlinzi wa ardhi ya pamoja, basi, si jambo lililoletwa na wataalamu. Lililokuja baadaye ni sare, redio na karatasi.

Sheria zilizokuja na kuondoka

Ni vigumu kuelewa kwa nini mwanakijiji humtazama mtu mwenye sare ya kijani kwa jicho la wasiwasi bila kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya uwindaji katika koloni: kuwinda kukahitaji kibali, na baadhi ya maeneo yakafungwa. Waingereza walipochukua nchi waliendeleza mkondo ule ule kwa sheria zao. Mwindaji wa kijijini aliyekuwa akiheshimiwa kwa ustadi wake aliamka siku moja akaambiwa ni jangili, ilhali mgeni mwenye fedha ya kibali aliruhusiwa kupiga tembo yule yule. Baada ya uhuru serikali ilizishikilia hifadhi na kuziongeza, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974 ikaendelea kuweka mamlaka yote mikononi mwa dola. Nyama ya porini, pembe na ngozi vikawa nyara za serikali, neno ambalo hadi leo humfanya mtu ashushe sauti akilitamka.

Halafu ukaja ujangili wa miaka ya 1980. Tembo waliuawa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1989 serikali ilianzisha Operesheni Uhai, iliyowaunganisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Operesheni ilipunguza mauaji, na mwaka huo huo mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Lakini jeshi haliwezi kukaa porini milele. Waliobaki wakiyaona malori yakiingia usiku, na wageni wakiulizia njia, ni wanakijiji. Mwishoni mwa muongo huo, katika vijiji vilivyopakana na Pori la Akiba la Selous, vijana wa vijijini walianza kufundishwa kuwa walinzi wa wanyama kwenye ardhi yao. Baadaye kikajengwa chuo cha kuwafundisha huko Likuyu Sekamaganga, mkoani Ruvuma.

Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilikubali wazi kwamba mwanakijiji asiyefaidika na mnyama hana sababu ya kumvumilia. Kanuni za mwaka 2002 zikafungua njia: vijiji kadhaa vinaweza kutenga sehemu za ardhi yao, vikaunda jumuiya yenye katiba, vikaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, kisha vikapewa haki ya kutumia wanyamapori waliomo. Eneo hilo linaitwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, ingawa mitaani wengi husema WMA, kifupi cha jina lake la Kiingereza. Jumuiya ya Burunge, katika ukanda wetu, ilipata haki hiyo mwaka 2006. Ina vijiji kumi, miongoni mwao Minjingu, Mwada, Vilima Vitatu na Sangaiwe. Wamo Wambugwe, Wairaqw, Wamaasai, Wabarabaig na wengine, wakulima na wafugaji, na haijawahi kuwa rahisi kuwakalisha wote chini ya mti mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu sipendi hadithi hii isimuliwe kama sherehe. Zipo jumuiya ambazo wanakijiji walilalamika kuwa mipaka ilichorwa wakiwa hawajaelewa. Wapo wafugaji waliojikuta malisho yao ya kiangazi yamekuwa eneo la kambi ya watalii. Mikutano imevunjika kwa kelele, na mengine yamefika mahakamani. Pale mpaka ulipowekwa bila ridhaa ya kweli, askari wa kijiji huhangaika kila siku kulinda jambo ambalo majirani zake hawakulikubali. Pale mkutano mkuu ulipokaa, ukabishana, ukaahirishwa, ukakaa tena hadi watu wakaridhika, doria huwa nyepesi, kwa maana kila mwenye shamba ni jicho.

Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba kinacholindwa na askari wa kijiji, kabla ya tembo na kabla ya mti, ni makubaliano. Kijiji kilikubaliana kuwa hapa tutalima, hapa tutalisha, hapa mnyama apite. Upande wa pili, serikali na wawekezaji walikubali kuwa kijiji kitafaidika na hasara yake itasikilizwa. Mlinzi anasimama katikati, na anapaswa kuzitazama pande zote mbili.

Siku ya doria

Doria huanza saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijafuta alama. Tunakwenda watu sita au wanane, kila mmoja akiwa na chupa ya maji, unga kidogo, maharage, kisu na tochi. Bunduki zilikuwa chache, na tulizibeba kwa kibali tu. Kiongozi alikuwa na kifaa cha GPS na daftari. Nilipoanza nililidharau daftari lile. Baadaye nikajua ndilo silaha inayofika mbali zaidi.

Kutafuta mitego ni kazi ya macho na ya kuinama. Tunapanga mstari, mita kumi au kumi na tano kati ya mtu na mtu, tunapita kwenye vichaka polepole. Nyaya za mitego hutoka kwenye matairi yaliyochomwa, kwenye breki za baiskeli, au kwenye nyaya za umeme. Kimo chake kinakueleza kilichokusudiwa: goti ni swala, kiuno ni pofu au pundamilia, kifua ni nyati. Waya ukitegwa hauchagui. Nimemkuta fisi jike aliyekatika mguu, matiti yakiwa yamejaa maziwa, na ng'ombe wa jirani amekufa kwenye waya uliowekwa na jirani mwingine. Kesi ya ng'ombe yule ilifanya kazi kuliko mihadhara yetu yote, maana kuanzia hapo wafugaji wenyewe walianza kutuletea nyaya.

Ujangili wa twiga una sura nyingine. Majangili huja usiku kwa pikipiki. Twiga humulikwa kwa taa kali, akaduwaa, nao hummaliza kwa mapanga. Kabla hakujapambazuka nyama iko njiani. Doria ya miguu haiwezi kuikimbiza pikipiki. Kinachoweza ni simu moja kutoka kwa mama anayeamka usiku kumnyonyesha mtoto, akasikia mlio wa injini upande usio na nyumba. Mama huyo hatapiga simu kwa mtu asiyemwamini. Hatapiga kwa mtu aliyewahi kumpiga mwanawe, wala kwa mtu anayejulikana kuwa akipewa elfu ishirini anayeyuka. Zaidi ya yote, hatapiga kwa mtu atakayelitaja jina lake kilabuni. Uaminifu wa askari wa kijiji hupimwa kwenye mambo madogo ya mchana, na matokeo yake huonekana usiku.

Kisha kuna sumu, ambayo huniumiza kuliko waya. Simba akiua ng'ombe, mwenye ng'ombe aliyekata tamaa anaweza kunyunyizia mzoga dawa ya kuulia wadudu. Atakayerudi kula si simba peke yake. Watakuja fisi, mbweha na tumbusi, na mzoga mmoja unaweza kuua tumbusi kwa makumi. Tumbusi hutaga yai moja, na hulea kinda mmoja kwa muda mrefu, hivyo vifo vya siku moja huchukua miaka kufidiwa. Dawa ya jambo hili huanza zizini. Huko Simanjiro wafugaji wengi wamejenga maboma ya kuta hai: fito za miti inayochipua hupandwa kuzunguka zizi, zikaunganishwa na waya wa wavu, na kadiri miaka inavyopita miti hunenepa na ukuta hukaza. Simba akishindwa kuingia, hakuna mzoga wa kutiwa sumu. Mlinzi aliyesaidia kujenga boma moja ameokoa simba wengi kuliko aliyelala wiki nzima akivizia watia sumu.

Kuhusu kumkamata mtu, mpaka wetu ni mwembamba na lazima ujulikane. Askari wa kijiji si hakimu. Anamzuia mtuhumiwa, anaandika alichokiona, anahifadhi kielelezo, anamkabidhi kwa polisi au kwa mamlaka ya wanyamapori. Akiongeza kofi, amewafukuza mashahidi wake wote wa kesho.

Kazi hii ilihesabiwa kuwa ya wanaume kwa muda mrefu. Ng'ambo ya mpaka, kwenye ardhi ya jamii inayoizunguka Amboseli nchini Kenya, mwaka 2019 wanawake 8 wa Kimaasai waliajiriwa kuwa walinzi wa jamii katika eneo la Olgulului. Kwetu pia wapo, nami nimepiga nao doria. Kuna taarifa ambazo kijiji humpa mwanamke tu, kisimani na kwenye kuni, na timu isiyo na mwanamke haizipati kamwe.

Usiku wa mahindi

Kuanzia mahindi yanapobeba hadi yanapovunwa, mlinzi wa kijiji hana usiku. Tembo mzima anaweza kula kilo 150 za majani kwa siku, na hindi bichi ni chakula bora kuliko majani ya mgunga. Familia moja ya tembo ikiingia shamba la ekari mbili saa tano usiku, saa tisa pamebaki mabua yaliyolala. Anayesema "tembo ni urithi wa taifa" asubuhi hiyo, mbele ya mwenye shamba, ajue anaongea na mtu ambaye hana chakula cha mwaka.

Zamani watu walipiga madebe, wakachoma matairi, wakarusha mikuki. Tembo aliyejeruhiwa hurudi na hasira, na watu wamekufa hivyo. Siku hizi katika vijiji vingi tunafuata ngazi nne. Ya kwanza ni tochi kali yenye mwanga unaomulika mbali: tembo wengi hugeuka wakimulikwa usoni na watu kadhaa waliosimama pamoja. Wasipogeuka, tunapiga honi ya gesi. Ya tatu ni bomu la pilipili: unga wa pilipili huchanganywa na mchanga, hufungwa ndani ya kondomu pamoja na fataki yenye utambi. Likilipuka hutoa wingu ambalo pua ya tembo haiwezi kulisahau. Ya nne na ya mwisho ni fataki ya kurushwa angani. Ukianza na ya nne, kesho utakuwa huna kitu, maana tembo hujifunza haraka. Na kuna sharti lisilovunjwa: jua upepo unakoelekea, usiende peke yako, na usimzibie tembo njia ya kurudi.

Nimekaa na wenye mashamba usiku kama huo mara nyingi. Ndipo nilipoelewa kuwa saa moja ya kusimama kwenye umande kando ya mahindi ya mtu inanunua imani ambayo semina ya siku tatu hainunui. Mtu aliyekuona ukitetemeka kwa ajili ya shamba lake atakuambia jambo usilomuuliza.

Jasho na machozi

Serikali ina malipo kwa anayepata hasara ya wanyama, na Kiswahili kimeyapa majina ya heshima kabisa: kifuta jasho kwa mazao na mifugo, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo yanakiri kuwa malipo hayalingani na hasara. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga kiwango kwa umbali: shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa, na mengine yalilipwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano. Familia iliyofiwa ilipangiwa shilingi 1,000,000.

Fomu hizo hujazwa kijijini, na mara nyingi aliyezijaza ni mimi. Napima shamba, naandika aina ya mnyama, natia sahihi, fomu inapanda kwenda wilayani na zaidi ya hapo. Kisha mwenye shamba huanza kuniuliza: "Kaka, yale mambo yamefikia wapi?" Mwezi wa kwanza ananiuliza kwa tabasamu, wa tano ananiuliza bila salamu, na baadaye haniulizi tena. Huko kunyamaza ndiko nilikojifunza kukuogopa.

Upande wa mapato una udhaifu wake pia. Kanuni zilitaka angalau nusu ya mapato ya jumuiya iende kwenye vijiji wanachama, nayo imejenga madarasa, zahanati na visima ambavyo watu wanavigusa kwa mikono. Lakini mapato hayo yanategemea watalii. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 uliposimamisha ndege, malango yalikauka, na mishahara ya walinzi katika jumuiya nyingi ikayumba. Mnyama hakujua kuwa hakuna bajeti, na mtegaji alijua vizuri.

Kwa sababu hiyo napenda kuwasimulia vijana habari za Terrat, kijiji cha Simanjiro. Kuanzia mwaka 2005 kijiji hicho kiliingia mkataba na kundi la kampuni za utalii: mbuga ya nyasi fupi wanakozalia nyumbu ibaki malisho, isilimwe wala kujengwa nyumba za kudumu, nazo kampuni zikilipe kijiji kila mwaka. Mifugo iendelee kulisha kama zamani. Askari wa kijiji walipewa kazi ya kuitunza mbuga na kuhesabu wanyama. Ninachokipenda katika mkataba ule ni kwamba mfugaji hakuombwa aache jambo alilolipenda. Alitaka nyasi zisilimwe, nyumbu alizihitaji nyasi zile zile, na karatasi moja ikayashika mahitaji yote mawili.

Fundo

Asubuhi ile ya waya mpya nilitembea hadi kambini bila kusema. Jioni nikamwambia kiongozi wa doria: "Mzee, naomba suala hili alishike mtu mwingine. Nalijua hili fundo." Hakuniuliza zaidi. Timu yetu ilikuwa na kanuni kwamba hakuna anayemshughulikia ndugu yake, ama kwa kumtafuta ama kwa kumtetea. Wakaenda wengine wawili pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Hawakukuta nyama, walikuta nyaya. Suala likafikishwa mbele ya halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa sheria ndogo, na shemeji akatozwa faini iliyomgharimu mbuzi wawili.

Alipoulizwa sababu hakukana. Alisema mwaka uliotangulia tembo walimaliza ekari zake tatu, fomu ikajazwa, jibu halikuja, na watoto hawakungoja. Fomu ile niliikumbuka. Nilikuwa nimeshika mwisho wa kamba shambani kwake wakati inajazwa, katika wiki zangu za kwanza kazini.

Alikosea, na faini ilikuwa halali. Lakini makubaliano yalikuwa yamevunjika upande wa pili kwanza, na mimi, niliyeajiriwa kuyalinda, sikulipigia kelele hilo kama nilivyopigia kelele waya. Tangu siku ile daftari langu likawa na kurasa mbili. Upande mmoja naandika mitego, nyayo na magogo yaliyokatwa. Upande wa pili naandika fomu: ya nani, ilipelekwa lini, imefika meza gani, nani nimempigia simu. Kila mkutano wa kijiji nasimama na kusoma kurasa zote mbili. Wapo maofisa ambao ukurasa wa pili huwakera. Vijana wangu nawafundisha kuusoma kwa sauti ile ile ya ukurasa wa kwanza.

Dada yangu hakunisemesha masika yote. Tulipokutana njiani alitazama majani. Mama alijaribu kutukalisha, akashindwa, akaniambia nivumilie, kwa kuwa dada alikuwa na haki ya kuumia.

Mwezi wa tano tembo wakaja. Walikuwa saba, wakiwa na mtoto mmoja, nao walikuja moja kwa moja upande wa mashamba ya shemeji. Tulikuwa wanne. Tulisimama na tochi, wakarudi nyuma, wakazunguka, wakaja tena. Saa nane honi iliisha gesi. Tukatumia bomu moja la pilipili, upepo ukiwa upande wetu, na lile wingu likawasukuma hadi ng'ambo ya korongo. Tulibaki pale hadi kukapambazuka, kwa sababu tembo hurudi saa kumi, mlinzi anapoamini kazi imekwisha. Shemeji alikuwa nasi usiku kucha, ameshika tochi ya pili. Hatukuzungumza ila mambo ya kazi: mulika kushoto, ngoja, sasa.

Kulipokucha mahindi yalikuwa yamesimama, isipokuwa mistari michache ya pembeni. Dada alikuja na sufuria ya uji na vikombe vinne. Akawagawia wenzangu watatu kwa ukubwa wao. Kikombe cha nne akakishika kidogo, kisha akanipa, akaniuliza kama wale tembo wamekwenda mbali au watarudi usiku. Nilimwambia ukweli kwamba watarudi.

"Basi kanywe ulale," alisema. "Jioni uje mapema."